Visima vya Barazani

Mama mkubwa wangu, dada yake mama, alikuwa na nyumba juu ya kilima, pale barabara ya vumbi inapoishia na kuwa njia ya miguu. Watu walimwita Bi Mkasi. Alikuwa fundi cherehani, lakini jina hilo hakulipata kwa kukata vitambaa, alilipata kwa mdomo. Ukimwambia gauni limekubana, anakujibu kwamba gauni liko vilevile tangu jana, sasa wewe jana ulikula nini. Watu walikuwa wakinuna, wakicheka, na kesho wakirudi na kitambaa kingine.

Nyumba aliijenga mwenyewe. Mume alikuwepo, ila aliondoka kuta zikiwa bado za kiunoni, akasema anakwenda kutafuta mabati. "Bado anatafuta," mama mkubwa alikuwa akisema. "Bati ni kitu adimu." Yeye akashona sare za shule, akanunua tofali, akashona tena. Kikaja chumba kimoja, kikaja cha pili, mwisho likaja baraza la mbele, lenye sakafu ya saruji aliyoisugua kwa mkono wake mpaka ikang'aa. Mtoto hakujaaliwa. Watu wakimuuliza habari hiyo anagonga ukuta kwa kiganja: "Huyu hapa. Hajanitukana hata siku moja."

Baraza hilo ndilo lililokuja kumponza. Mtaani kwetu mtandao wa simu hauna adabu. Bondeni haupo kabisa, njiani unakuja na kuondoka, lakini kwenye baraza la Bi Mkasi unashika kama umefungwa kamba. Kila mwenye shida ya kupiga simu alipanda pale. Mama mkubwa hakumfukuza mtu, ila alikuwa na sheria yake: anayepiga simu ashike pindo. Anakupa ncha ya kitambaa, unaivuta kwa mkono mmoja, simu iko mkono mwingine, naye anapima na kukata. Nimewaona watu wakipokea habari ya msiba wameshika pindo. Nimemwona dereva wa bodaboda akimwapia mkewe kwamba yuko hospitali anamwangalia mgonjwa. Mama mkubwa akamwambia, "Mdanganye mwenzio, lakini kitambaa kaza."

Vijana wa tableti walikuja wakati wa kiangazi. Walikuwa wametumwa kuhesabu visima, pampu na mabomba ya upande wetu wote. Asubuhi waliteremka bondeni, wakapita kwenye visima kimoja kimoja, wakapiga picha, wakauliza maswali, wakajaza. Kutuma walishindwa, kwa sababu bondeni mtandao hakuna. Basi jioni walipanda kwa Bi Mkasi, wakajipanga barazani, wakabonyeza kila mmoja ya kwake. Yeye aliwachemshia chai. Nao, kama wengine wote, wakashika pindo.

Mmoja alikuwa mwembamba, ana miwani iliyofungwa uzi mweusi kwenye mkono wa fremu. Mama mkubwa akambatiza Miwani palepale, akamvua ile miwani, akaitengeneza upya kwa uzi wa cherehani. Toka hapo akawa anamwita mwanangu.

"Hizi hesabu ni za nini, mwanangu?" alimuuliza.

"Serikali inafungua tovuti, mama. Takwimu huria. Kila kitu kitawekwa wazi, visima, shule, zahanati. Mtu yeyote ataingia bure, ataona, atachukua."

"Atachukua kisima?"

Miwani alicheka mpaka akaachia pindo. "Atachukua habari za kisima. Kijana mwenye akili anaweza kutengenezea kitu cha kusaidia watu. Hata nyinyi hapa mnaweza kupata maji kwa sababu ya hii kazi."

"Basi bonyeza vizuri," mama mkubwa akamwambia. "Mimi maji nanunua kwa yule mwenye mkokoteni, na yule akishajua una kiu, hakuoni mtu tena."

Nilikuwa nimekaa kizingitini nafungua mishono ya suruali ya mtu. Nilimwona Miwani akibonyeza. Kila alipobonyeza alikuwa akitabasamu kidogo, kama mtu anayepanda mbegu.

Walikwenda zao. Mvua ikanyesha, ikakauka. Siku moja redio ikasema tovuti imefunguliwa, wakubwa walikata utepe. Baadaye tukasikia kuna mashindano ya vijana wabunifu, na aliyeshinda alikuwa Miwani wetu. Mama yangu alikuja na gazeti lililofungia sabuni, na ndani yake ndiye huyo, ameshika kikombe, miwani ina uzi uleule wa cherehani. Alikuwa amechukua takwimu za tovuti akatengeneza programu ya simu inayoonyesha nyumba zilizojengwa karibu mno na vyanzo vya maji, ili ofisi ya maji ijue pa kwenda. Sheria ipo, nyumba haitakiwi kukaa juu ya chanzo cha maji ya umma.

"Kijana wetu huyo," mama mkubwa akasema. Akaikata ile picha kwa mkasi wake mkubwa, akaibandika juu ya cherehani.

Picha ilikuwa bado haijafifia walipokuja kupiga alama ya X.

Walikuwa wawili kutoka ofisi ya maji, mmoja ana kopo la rangi nyekundu, mwingine ana simu. Mama mkubwa alidhani wanataka mtandao, akawanyooshea pindo. Wa kopo akapita pembeni yake, akachora X ukutani, kubwa, rangi ikachuruzika mpaka kwenye sakafu yake ile.

"Wee! Una kichaa?"

"Nyumba ipo juu ya chanzo cha maji, mama. Itaondolewa."

"Chanzo gani? Mimi nanunua maji! Muulize mwenye mkokoteni!"

Wa simu akamwonyesha. Nikasogea nikaona na mimi. Ilikuwa ramani ya upande wetu. Bonde lilikuwa tupu, jeupe, kama hakujawahi kuchimbwa kitu. Na juu ya kilima, pale tulipokuwa tumesimama, kulikuwa na vidoti vya buluu vimerundikana, kimoja juu ya kingine, kama maharage yaliyomwagika.

"Visima vyote hivyo," yule kijana akasema, "viko chini ya hii nyumba yako."

Mama mkubwa akacheka. Alicheka hasa, akashika mbavu. Akainua mkeka, akachungulia chini yake. "Nisaidieni kutafuta," akawaambia, "maana nina kiu." Hawakucheka. Walimpa tarehe ya kubomoa wakateremka.

Kesho yake tulikwenda ofisi ya maji, mimi na yeye. Alivaa nguo zake za msiba kwa sababu ndizo nzuri. Tulikaa kwenye benchi mpaka watu waliotukuta wakatuacha. Bwana aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alifungua kompyuta akaigeuza ili tuone, vikawa ni vile vidoti vya buluu vilevile.

"Takwimu hizi ni huria, mama," akasema. "Hatujakuficha kitu. Mtu yeyote anaweza kuziona."

"Kuziona nimeziona, baba. Nataka kuzitoa."

"Kutoa sasa..." Akajikuna kichwa. "Sisi tunazisoma tu. Zinatoka kwenye tovuti. Wa tovuti nao waliletewa na mradi wa kuhesabu. Mradi umekwisha."

"Kwa hiyo aliyeziweka hayupo."

"Hayupo."

"Na nyumba yangu ipo."

"Ndiyo, mama."

"Basi ondoeni kisichokuwepo, muache kilichopo."

 Bwana yule akatuambia kwenye tovuti kuna mahali pameandikwa Toa Maoni, tuandike pale. Tuliandika. Niliandika mimi kwa simu ya mama, tukiwa barazani, mama mkubwa akisema na mimi nikibonyeza. Alianza kwa salamu, akauliza hali zao, ndipo akaeleza. Jibu lilikuja kabla hajamaliza kufurahi kwamba imeenda: Asante kwa kutumia takwimu huria. Maoni yako ni muhimu kwetu. Alifurahi sana, akamwita jirani aje asome. Tuliandika tena siku nyingine, likaja jibu hilohilo, herufi kwa herufi. Mara ya tatu aliniambia nisiandike salamu.

Miwani tulimpata kupitia yule dereva wa bodaboda, anayejua watu wote. Alikuja mwenyewe, viatu vizuri, begi la kompyuta mgongoni. Alipofika barazani akasimama. Akatazama X. Akatazama sakafu, akatazama benchi la kuchongwa walilokuwa wanakalia wakituma. Niliona uso wake ukibadilika polepole, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa mbali.

"Mama," akasema. "Ni hapa?"

"Ulisahau? Na picha yako iko pale juu ya cherehani."

Akakaa chini, sakafuni. Akafungua kompyuta, akafanya fanya, halafu akavua miwani. Alitueleza bila kutuangalia. Tableti zilikuwa zinachukua alama ya mahali pale mtu anapobonyeza kutuma. Zilikuwa hazichukui pale anapojaza. Wao hawakujua. Kila kisima walichokiona bondeni walikuja kukituma wakiwa hapa. Tovuti ikaamini visima viko hapa. Na yeye, alipokuja kutengeneza programu yake, aliona vidoti vimerundikana mahali pamoja na nyumba juu yake, akafurahi, kwa sababu ndiyo ilikuwa nyumba mbaya kuliko zote. Ndiyo aliyowaonyesha majaji.

"Hukujua ni kwangu?" mama mkubwa akauliza.

"Kwenye ramani ni paa tu, mama. Nilijua tu ni paa."

 Nilimngoja mama mkubwa amkate, kwa sababu mdomo aliokuwa nao ungetosha kumkata vipande. Badala yake akampa ncha ya kitambaa. "Shika," akasema. "Leo unafanya nini?"

Leo, akasema, atafuta kwenye programu yake. Akafuta palepale. Lakini ofisi ya maji ilishachukua nakala yake na inaitumia bila yeye, hana ufunguo wa kuingia. Aliandika barua, akapiga simu akiwa ameshika pindo. Mwisho akapata neno moja la maana: mkaguzi anaweza kuja kuona kwa macho, na alichokiona akakijaza mwenyewe.

Tulimngoja yule mkaguzi hadi tukazoea kumngoja. Alikuja tarehe waliyotupa ikiwa imekaribia, mtu mzima, ana kitambi na jasho na huruma. Alizunguka nyumba yote. Alikanyaga kwa nguvu hapa na pale asikilize kama kuna shimo. Alichungulia hata uvunguni mwa kitanda, akaomba radhi. Mama mkubwa alimfuata nyuma: "Tazama na kwenye sufuria, baba, huenda kimoja kimeingia."

"Mama, hapa hakuna kisima," mkaguzi akasema. "Mtoto mdogo anaona."

Mama yangu alipiga kigelegele. Mimi nilikaa karibu na mkaguzi nimtazame akijaza. Kila kidoti kilikuwa kinauliza hali ya kisima, na majibu yalikuwa haya: kinafanya kazi, kibovu, kimefukiwa. Akapandisha, akateremsha. Hapakuwa na jibu la kusema hakijawahi kuwepo.

"Huwezi kukiruka?" Miwani akauliza.

"Kinakataa. Lazima uchague." Akafuta jasho. Akafikiri kweli, nilimwona akifikiri. "Nitaweka kimefukiwa. Hilo ndilo zuri kwako, mama. Kikiwa kimefukiwa, basi hakuna maji. Hakuna maji, hakuna chanzo. Hakuna chanzo, nyumba inakaa."

Sote tuliona ni akili. Akabonyeza kidoti kimoja kimoja, kimefukiwa, kimefukiwa, na mama mkubwa akawa anaitikia kila kimoja kama mtu aliyeko kwenye dua. Vidoti vikageuka vyeusi. Siku hiyo alinunua maji mengi kwa mwenye mkokoteni, akasugua ile X kwa brashi na sabuni mpaka ukuta ukabaki na wekundu kama wa shavu lililopigwa. Aliimba. Sijamsikia akiimba tena.

Barua ilikuja kwa mkono wa kiongozi wa mtaa. Nilisoma mimi. Mkaazi wa nyumba iliyotajwa anatuhumiwa kufukia visima vya umma. Nyumba itaondolewa ili visima vifukuliwe na wananchi warudishiwe huduma.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

Ofisini hawakutukalisha tena kwenye benchi. Mkaguzi alikuwa amehamishwa. Yule bwana wa kwanza akasema sasa jambo si lake, ni la sheria. Miwani akasimama akaeleza yote, tableti, kutuma, baraza. Wakamsikiliza hadi mwisho, kisha mmoja akamuuliza, kwa upole tu, kama anakubali kwamba programu aliyopewa kikombe ilikuwa ya uongo.  Miwani akasema anakubali. Wakaandika, wakamwambia hilo watalishughulikia kivyake.

Kilichommaliza mama mkubwa lakini ni mtaa. Habari iliteremka kilimani mbio kuliko maji yoyote: Bi Mkasi alijenga juu ya visima, akavifukia. Watu waliokuwa wakishika pindo lake, watu aliowashonea watoto wao sare, sasa walipiga simu njiani, wakizunguka zunguka na mikono juu wakitafuta mtandao, ili wasipande kwake. Jirani yetu mmoja mwenye mapacha, anayeteremka bondeni na ndoo kila siku, alisimama mbele ya baraza na ndoo yake kichwani.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Dada, wewe umezaliwa hapa. Umewahi kuona kisima juu ya hiki kilima?"

"Imeandikwa."

"Nakuuliza umewahi kukiona."

"Imeandikwa kwenye tovuti ya serikali, Bi Mkasi, na mtu yeyote anaweza kuona. Wamepata faida gani kukusingizia? Shingo yangu hii imeisha kwa kubeba, kumbe maji umeyakalia wewe."

Mama mkubwa akanyoosha mkono, akateremsha ndoo ya yule mama kichwani, akaitua barazani ili apumzike. Yule mama akaibeba tena akaondoka. Mama mkubwa akaniangalia. 

Tingatinga lilishindwa kupanda mara ya kwanza. Tukashukuru. Wakaja na lingine. Tulikuwa tumetoa cherehani, kitanda, sufuria na lile benchi. Mabati aliomba wayavue taratibu, wakasema hawana muda. Ukuta aliokuwa akiugonga kwa kiganja ulianguka kwa ndani, bila kelele kubwa. Sakafu ya baraza ilikataa. Ilibidi waipige mara nyingi, na kila ilipopigwa mama alikuwa akimshika dada yake mabega, lakini yeye alikuwa amesimama tu, mkono kiunoni, kama anayengoja mteja aliyechelewa.

Halafu wakachimba. Walichimba penye vidoti, kwa uaminifu, wakifuata simu. Walitoa udongo mwekundu, kisha mawe, kisha udongo mwingine. Watu walikuwa wamejipanga na ndoo. Kufikia alasiri shimo lilimmeza mchimbaji hata akinyoosha mikono juu, na lilikuwa kavu kama chungu kipya cha dukani. Wenye ndoo wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyemwomba mama mkubwa radhi. Yule mama wa mapacha alipita karibu yake akainamisha macho, basi.

Shimo waliliacha. Kwenye tovuti, Miwani alituambia, vidoti sasa ni vya njano: vinafanyiwa matengenezo. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia Miwani. Namba yake haipatikani.

Mama mkubwa anaishi kwetu. Cherehani iko kwenye korido, mtu akitaka kupita kwenda choo lazima yeye ainuke. Kazi ni chache. Korido haina mwanga na haina mtandao. Akiwa na kitambaa kirefu anafunga ncha kwenye kitasa cha mlango, na mlango ukifunguliwa anakata vibaya, halafu anakaa na mkasi mapajani.

Juzi walikuja vijana wengine wa tableti. Awamu mpya, walisema. Walizunguka bondeni siku nzima, jioni wakauliza wapi mtandao unashika, watoto wakawaonyesha kilimani. Niliwaona wakipanda nikamwambia. Akatoka na ndala zake, mimi nyuma. Tukawakuta wamesimama juu ya kifusi, kando ya shimo, kila mmoja na tableti yake.

"Msitume hapa," mama mkubwa akawaambia. "Wanangu, nawaomba. Teremkeni mkatume mlikovikuta."

"Kule hakuna mtandao, mama."

"Najua hakuna. Msitume hapa."

Wakatazamana. Mmoja, msichana mpole, akamwambia asiwe na wasiwasi, hii ni kazi ya serikali, na yote yatakuwa wazi kila mtu aone. Mwenzake alikuwa amefika kwenye swali la makazi.

"Wewe ni mkaazi wa hapa, mama?"

"Sikai hapa."

"Sasa hapa anakaa nani?"

Mama mkubwa akatazama shimo, akatazama kipande cha sakafu yake kilichochungulia kwenye udongo, bado kinang'aa.

"Visima," akasema.

Yule kijana hakumsikia. Alikuwa ameinua tableti juu, anangoja iende.